Fataki za mwaka mpya Dar: ukae wapi, na utoke vipi

Abiria wa usiku wa Desemba 31 karibu wote wana ombi moja: "Anko, tupeleke karibu kabisa na zinapopigwa." Nawapeleka, nauli ni nauli. Ila tukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Haile Selassie nikapata nafasi ya kuongea, nawaambia kwamba karibu kabisa ndiyo sehemu mbovu. Mtapinda shingo mpaka ziume, moshi wote wenu, majivu na vipande vya karatasi vitadondokea kwenye mishikaki, na ikifika saa sita na robo mmebanwa katikati ya watu ambao nao wanatafuta pa kutokea.

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe chetu kiko Msasani. Usiku ule kwetu ni kazi, kwa hiyo fataki nazitazama nikiwa nimesimama pembeni ya chombo, funguo mkononi, napiga hesabu ya njia. Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia nyuma: chagua kwanza utakapotokea, halafu angalia upepo, halafu umbali. Mandhari ya kupigia picha iwe ya mwisho.

Ujue zinapigiwa wapi

Dar usiku ule fataki hazitoki sehemu moja. Hoteli za ufukweni, klabu, baa za baharini na watu majumbani kwao, kila mmoja ana zake, na wengi wanaachia saa sita kamili kwa mpigo. Kwa hiyo amua mapema unataka nini. Kuna kulitazama onyesho moja vizuri, rangi kwa rangi, mpaka liishe. Na kuna kukaa mbali mahali palipo wazi ukauona ukanda wote wa pwani unawaka. Hizo ni safari mbili tofauti, na sehemu inayofaa kwa moja haifai kwa nyingine. Anayetaka zote mbili ndiye yule anayeniambia saa sita kasoro dakika kumi, "Anko, tuhamie kule."

Kama unataka onyesho moja, usitegemee bango la tangazo. Bango litakupa jina la ukumbi, jina la DJ na bei ya meza. Halikuambii kama fataki zitarushwa mbele ya jengo, nyuma kwenye maegesho au chini kwenye mchanga. Pita hapo mchana, saa tisa au saa kumi alasiri. Tafuta utepe mwekundu na mweupe uliozungushwa kwenye eneo tupu, na mlinzi aliyesimama hapo bila kazi inayoonekana. Msalimie kama mtu. "Shikamoo mzee, za kazi? Leo zinarushwa upande huu?" Mlinzi aliyepewa shikamoo yake anakuonyesha kwa kidole, na mara nyingi anakuongezea ambalo hukuuliza: magari ya wageni yatapangwa wapi na geti gani litafungwa.

Ukiwa nje ya utepe, angalia vifaa vyenyewe. Utaona mabomba manene yamesimamishwa kwenye fremu za mbao au yamezikwa mchangani, midomo imefunikwa kwa foili au nailoni yasiingie unyevu. Upana wa mdomo wa bomba unakueleza fataki itakwenda juu kiasi gani. Kwa makadirio, kila inchi moja ya upana ni kama mita 30 za kupanda: bomba la inchi 3 linapasulia kwenye mita 90 hivi, la inchi 6 kwenye mita 180 au zaidi kidogo. Ukikuta maboksi tu yenye matundu mengi yamepangwa chini, hizo ni fataki fupi, zinapasukia kwenye mita 30 mpaka 50, na ukikaa mbali utaziona kama njiti ya kiberiti. Kwa hizo ndiyo usogee, mita 100 hivi zinatosha.

Marekani waandaaji wana kanuni ya usalama ya futi 70 kwa kila inchi ya bomba kati ya fataki na watu. Maana yake bomba la inchi 6 linataka zaidi ya mita 120 za nafasi tupu. Ukikuta mabomba makubwa na utepe uko hatua thelathini tu, rudi nyuma mwenyewe, usingoje kuambiwa.

Sekunde moja, ngumi mbili

Kwa fataki za kwenye mabomba, umbali mzuri ni ule ambao sauti inakufikia sekunde moja au moja na nusu baada ya mwanga. Kwenye joto letu la Desemba sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, mwanga unafika papo hapo. Kwa hiyo sekunde moja ni mita 350, moja na nusu ni mita 500 na kitu. Hapo mlipuko mzima unaingia machoni bila kunyanyua kidevu, mlio unakigonga kifua lakini masikio yanabaki salama. Sekunde tatu ni kilomita moja, bado inafaa kama unatazama ukanda wote. Kuanzia sekunde sita sauti inakuja wakati rangi imeshazimika na nyingine imeshapanda, inakuwa vurugu.

Kupima si lazima ungoje saa sita. Kuna vijana wasiojua kusubiri, wanaanza kupiga mojamoja tangu saa mbili usiku. Wakipiga upande ule unaoutarajia, hesabu.

Kipimo cha pili ni ngumi. Nyoosha mkono mbele kabisa, kunja ngumi, upande wa chini wa ngumi uguse usawa wa bahari au wa barabara. Ngumi moja katika mkono ulionyooka ni kama nyuzi 10. Fataki inayopasukia mita 150 juu, nawe ukiwa mita 400, inakaa ngumi mbili juu ya usawa huo. Sasa weka ngumi mbili, moja juu ya nyingine, kuelekea zitakapopigwa. Ukiona paa, mvinje au bango limepita ngumi ya pili, hapo huna kitu. Ghorofa tano iliyo mita 40 mbele yako inatosha kukufungia onyesho lote.

Kuna mama mmoja niliwapeleka ufukwe wa Coco, yeye, mama mkwe wake na watoto wawili. Wakapata nafasi safi, mchanga mkavu, taa ipo, choo si mbali, nyuma tu ya hema la vinywaji. Mama kashatandika mkeka. Nikawaelekeza habari ya ngumi, mama akacheka, lakini mama mkwe alinyoosha mkono kimya, bangili zikateleza hadi kwenye kiwiko, akapandisha ngumi ya kwanza, ya pili, akaongeza ya tatu. Paa la hema bado lilikuwa juu. "Kunja mkeka," akasema. Walihamia hatua sitini kuelekea kaskazini, kukiwa na giza na mchanga mbichi kidogo, na watoto hawakukosa hata moja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowaangusha wa kwenye mapaa. Watu wananiambia wana ghorofa Sinza, wataona Masaki yote. Wataona, ndiyo. Kutoka Sinza mpaka Masaki ni zaidi ya kilomita 6, na mlipuko wa mita 150 kwa umbali huo unakaa juu ya upeo kwa upana wa kidole cha mwisho tu. Kwa sherehe ya nyumbani sawa, panda na soda yako. Kwa fataki, panda bajaji.

Upepo

Hapa ndipo watu wengi hawaangalii kabisa, na ndipo nafasi ya bure inapoishinda ya kulipia.

Desemba na Januari ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, baharini, unaingia nchi kavu. Mchana una nguvu, usiku unalegea, na usiku mwingine unakata kabisa au unageuka ukaanza kutoka bara. Kwa hiyo usiende kwa kukariri, pima. Coco hakuna kipimo kizuri kuliko majiko ya mihogo na mishikaki: simama saa tano na nusu uangalie moshi unalalia wapi. Ukilalia kusini, kuelekea Daraja la Tanzanite, wewe kaa kaskazini ya zinapopigwa. Ukilalia barabarani, kaa ubavuni, kushoto au kulia, lakini usikae upande wa barabara ukiwa umeipa bahari uso. Hapo ndipo moshi wote unakuja, na pamoja nao majivu yaliyo bado na joto. Nimewaona akina dada wakitoka pale na mitandio yenye matundu.

Fataki ya kwanza mpaka ya kumi ni safi popote ulipo. Tatizo linaanza baada ya dakika moja na nusu, moshi wa zile za mwanzo unapokuwa umejikusanya palepale nyingine zinapopasukia. Upepo ukiupeleka pembeni, unaendelea kuona. Ukiuleta kwako, nusu ya pili ya onyesho ni wingu linalobadilika rangi. Na huko juu upepo una nguvu kuliko chini, kwa hiyo moshi wa zile za kwanza ndiyo jibu sahihi. Ukiona unakuja kwako, usione haya, nyanyuka uhamie hatua hamsini pembeni. Upepo ukikata kabisa, hakuna upande ulio bora, kaa mbali kidogo kuliko ulivyopanga.

Abiria wangu mmoja anaishi Florida, huja likizo kwa mama yake Mikocheni. Aliniambia kule Orlando kwenye zile bustani za Disney watu wanawahi nafasi saa nzima kabla, na kuna sehemu mbili za namna tofauti. Magic Kingdom wana kasri, fataki zinarushwa kutoka nyuma yake na picha za mwanga zinaangazwa kwenye ukuta wake wa mbele. Kwa hiyo ukikaa nyuma au pembeni umeliona nusu, inabidi ukae kwenye ile barabara ya katikati inayolitazama kasri uso kwa uso. Epcot ni bwawa kubwa, onyesho linafanyika majini na watu wanalizunguka pande zote, na huko wazoefu hawaulizi mbele ni wapi, wanauliza upepo unakwenda wapi. Nikamwambia basi Dar yetu yote ni kama huko kwenye bwawa.

Ila si yote. Mlipuko wa duara ni duara kwa kila mtu, ukiwa ndani ya hoteli au nje ya ukuta unaona kitu kilekile. Maumbo ya moyo ni bapa, yanapasuka yakiwa yamegeukia popote, yanaweza kukupa ubavu ukaona mstari tu. Na maandishi ya moto ya mwaka mpya yanayosimamishwa chini kwenye fremu yanawatazama wageni waliolipa. Ukiwa nje utayasoma kinyumenyume. Hiyo ndiyo tofauti kubwa pekee ya kiingilio, pamoja na kiti na choo.

Sehemu ninazopeleka watu

Coco Beach naipenda, pamoja na fujo zake. Ufukwe unatazama mashariki, uko wazi, unaona za hotelini upande wa rasi na unaona mjini kwa kugeuza shingo tu. Kosa la wengi ni kujibana pale katikati kwenye mabanda kwa sababu ndipo bajaji na bodaboda zinaposhushia. Shuka, tembea. Ukielekea kaskazini watu wanapungua haraka, taa za mabanda hazikupigi machoni, na kwa upepo wa kaskazi upo upande sahihi. Tahadhari ni yale mawe ya matumbawe: usiku yanateleza na yanakata. Vaa raba, siyo malapa, na usimpandishe mtoto juu yake hata kama wengine wamepanda.

Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa 2022, lina urefu wa kilomita 1.03 na njia ya waenda kwa miguu. Kwa mtu anayetaka kuuona ukanda wote, hakuna sehemu nyingine ya bure inayolifikia: Oysterbay upande mmoja, Upanga na maghorofa ya mjini upande wa pili, bahari wazi katikati. Lakini jua unachopata. Fataki ya kilomita moja na nusu kutoka ulipo inakaa nusu ngumi tu juu ya maji, na sauti inakuja baada ya sekunde nne na zaidi. Taa za daraja zipo nyuma yako na juu yako, kwa hiyo sogea kwenye nafasi iliyo katikati ya nguzo mbili za taa. Usikae katikati kabisa ya daraja: kutoka hapo ni nusu kilomita kwenda kila upande na watu wamejaa. Mita 200 kutoka mwisho ule utakaotokea zinatosha. Na gari halisimami pale juu, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Usiniombe.

Ufukwe wa Barabara ya Barack Obama, upande wa Upanga, ni wa watu wasiopenda vurugu. Ukuta wa kukalia upo, mivinje ipo (pima na ngumi), na unaitazama Oysterbay kwa ng'ambo ya maji. Kaskazi inauleta moshi uelekeo huo lakini kwa umbali ule umeshatawanyika. Pale kuna hospitali ya Aga Khan na kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, watu wamelazwa. Vuvuzela na honi uziache nyumbani.

Kigamboni kuna safari za namna mbili. Ukikaa upande wa kivuko unautazama mji wenyewe, maghorofa na mwanga wake kwenye maji ya mlango wa bandari, pazuri sana kwa picha. Ukienda Mji Mwema na fukwe zake, hapo ni kiingilio, mkeka, samaki, na onyesho la hapohapo. Swali la Kigamboni ni kurudi. Foleni ya kivuko baada ya saa sita inataka moyo, na kuzunguka kwa Daraja la Nyerere pale Kurasini, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016, ni mwendo mrefu na kuna tozo. Wanaolala hukohuko ndio wenye akili.

Kunduchi na Mbezi Beach nenda kama umeshakata tiketi ya hoteli, basi. Kuranda ufukweni usiku huna pa kukaa, sehemu kubwa ni kuta.

Mtaani kwenu, popote ulipo, zitapigwa pia. Polisi kila mwisho wa mwaka hutangaza marufuku ya kupiga fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani, na kila mwaka kuna kijana anayeshika moja mkononi kuonyesha ubabe. Ukimwona huyo, wewe na wanao ingieni ndani mpaka amalize.

Maji yanajaa

Fukwe zinadanganya usiku. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa haupo kabisa, ni bamvua, na kwetu wakati wa bamvua maji hupwa sana kwenye saa nne mpaka saa tano, asubuhi na usiku vilevile. Ukifika Coco saa nne usiku unakuta ufukwe mpana ajabu, unatandika mbali kabisa kwenye mchanga mgumu, unajisifu. Saa sita maji yameshageuka. Unapotazama juu yanakuja chini, na saa saba na nusu yameshafika ulipovulia viatu. Mwezi wa nusu ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana, lakini saa sita usiku yanakuwa yamesimama karibu na kilele chake, kwa hiyo ufukwe ni mwembamba tangu mwanzo na watu wanabanana.

Huna haja ya kujua yote hayo. Washa tochi ya simu, tafuta ule mstari wa mwani mkavu na vijiti uliolala mchangani. Hapo ndipo maji yalipofika. Tandika juu yake, upande wa nchi kavu.

Watoto, wazee, na simu

Mtoto mdogo msogeze mbali mpaka sekunde moja na nusu au zaidi. Mweleze kabla kwamba kutakuwa na kishindo, na umfundishe kuziba masikio kwa viganja, maana akishtuka kwa ile ya kwanza atalia mpaka ya mwisho. Kichanga mwache nyumbani. Mtu mzima apate kiti chenye mgongo, siyo stuli ya mama lishe, kwa sababu dakika kumi za kuangalia juu bila pa kuegemea zinaumiza kiuno. Khanga mbili hazikosi kazi: moja ya kukalia, moja ya kujifunika majivu.

Simu ifutie lenzi kwanza, hewa ya bahari inaacha ukungu wa chumvi na watu wanalaumu kamera. Zima flashi. Ilaze kwa upana, ielekeze kidogo chini ya zinapopasukia ili uchukue na maji, kisha uitulize, usiifukuzie kila moja. Na ishike kwa mikono miwili. Vibaka usiku ule hawaangalii juu.

Kutoka

Utaijua ya kumalizia: zinaanza kupigwa kwa haraka, juu na chini kwa pamoja, nyingi nyeupe na za dhahabu, mlio haukatiki. Halafu giza na makelele ya watu. Hapo una uchaguzi wa mambo mawili tu. Ondoka papo hapo, ndani ya dakika tano, ukiwa umeshakunja mkeka kabla. Au kaa kabisa, agiza mihogo na kachumbari, uende saa saba na nusu. Wanaoondoka katikati ya hizo mbili ndio wanaojaza Toure Drive na kupigiana honi pasipo na sababu.

Kama unarudi Ilala, Temeke, Mbagala, shuka kusini uvuke Tanzanite, usijaribu kupanda Haile Selassie pamoja na wote. Kama unarudi Kinondoni, Mwananyamala, Mwenge, tembea kwa mguu mpaka uvuke Haile Selassie, ndipo utafute chombo. Ukisimama pale ufukweni ukaita usafiri, dereva atakuona kwenye simu dakika arobaini na hakufikii. Gari lako mwenyewe lipaki likiwa limegeuzia uso barabarani, mtaa wa pili au wa tatu kutoka baharini. Anayepaki getini kwa Coco anatoka wa mwisho.

Bei ya usiku ule inapanda, sitakudanganya, nasi tuna watoto. Mkubaliane ya kwenda na kurudi kabla hujakaa, upige picha namba ya bajaji, na mpange mtakapokutana kwa kitu kisichohama: kona, geti, nguzo yenye namba. Usiseme "nitakupigia". Saa sita kila mtu anampigia mama yake na mtandao unakata.

Bado mvua. Vuli ikichelewa kuisha, Desemba 31 inaweza kuwa na mawingu ya chini, na fataki za mabomba makubwa zinapasukia ndani yake, unaona wekundu tu bila umbo. Usiku wa namna hiyo sahau daraja, sahau Kigamboni. Tafuta onyesho dogo la maboksi, ukae mita 100, karibu na paa la kujikingia. Ukinipata mimi, bajaji yangu ina turubai pande zote mbili.